Kila Kibati na Fundo Lake

Mtoto wangu alitaka kuwa samurai kwenye mchezo wa shule, pale Nyarugusu. Haya. Nikakata madebe ya mafuta ya msaada, vibati vya upana wa vidole vitatu, nikakunja kingo zisimkate, nikatoboa matundu pembeni. Nikavishona vyote kwenye shuka kuukuu kwa uzi mmoja mrefu. Aliporuka tu, uzi ukakatika, vibati vikamwagika. Akalia.

Nikamkumbuka baba kule Gitaza, Muhuta, akifunga maboya ya wavu: “Kila boya na fundo lake. Moja likitoka, mengine yabaki.” Nikaanza upya kwa uzi wa nyavu, kila kibati mafundo yake, na katikati nikaacha kitambaa kitupu ili deraya ikunjike.

Wajapani wa zamani walikuwa nayo ya hivyo, tatami gusoku: unaikunja, unaitia sandukuni, unaondoka. Sisi tuliopitia Kagunga 2015 tunajua raha ya kitu kinachokunjika. Baba alikataa kupanda boti, akabaki na nyavu zake.

Siku ya mchezo mtoto aliruka wee! Hakikudondoka hata kimoja.