Nyamugari Mbili na Mti wa Ukoo wa Wafalme

Ukimwuliza Mrundi Nyamugari ni wapi, usistaajabu naye akikuuliza, "Ipi?" Maana iko Nyamugari ya upande wa Gitega, katikati ya nchi, na iko nyingine upande wa Muyinga, kaskazini-mashariki, si mbali na mpaka wa Tanzania. Mimi sikulijua jambo hilo nilipofunga safari.

Babu yangu mzaa mama aliingia Tanzania mwaka 1972, akimshika mkono mama yangu aliyekuwa na umri wa miaka sita. Alifia katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, kabla mimi sijazaliwa. Juu ya asili yake alituachia neno moja tu: Nyamugari. Mama alipougua sana, aliniita kando ya kitanda akasema, "Mwanangu, baba yangu namjua. Lakini baba yake aliitwa nani? Nisingependa kumfuata bila kujua."

Nikaomba likizo ya siku kumi, nikavuka mpaka pale Manyovu, nikapita Makamba na Rutana hadi Gitega. Mji huu uliwekwa na Wajerumani mwaka 1912 kuwa makao ya utawala wao, na tangu 2019 ndio makao makuu ya siasa ya Burundi. Upo juu ya vilima, hewa yake ni ya baridi, na migomba imeuzunguka kila upande. Kilomita chache kutoka hapo ipo Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za kifalme.

Huko Nyamugari nilipokewa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Nilimtajia jina la babu. Alifikiri kitambo, akatikisa kichwa. "Mwanangu, jina hilo silijui hapa. Lakini keti kwanza, unywe maji." Kisha, kana kwamba alitaka kunifariji, alichukua daftari la mjukuu wake akanichorea mti wa ukoo ambao kila mtoto wa rika lake aliujua kwa moyo.

Wafalme wa Burundi, alinieleza, walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, kisha jina la Ntare hurudi tena. Wana na wajukuu wa wafalme waliitwa Baganwa, na kila tawi lilichukua jina la mfalme aliyelizaa. Wa Ntare ni Batare, wa Mwezi ni Bezi. Ntare Rugamba ndiye aliyeipanua nchi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mwanawe, Mwezi Gisabo, alitawala zaidi ya miaka hamsini, akapigana na Wajerumani mpaka alipolazimika kutia mkataba Kiganda mwaka 1903, akafariki 1908. Mutaga Mbikije alimfuata, naye akafa kijana mwaka 1915. Hapo kiti kikamwangukia mtoto wa miaka mitatu, Mwambutsa Bangiricenge, na wakubwa wa ukoo wakatawala kwa niaba yake.

"Sasa tazama hapa," mzee akasema, akiweka kidole kati ya matawi mawili. Batare na Bezi walishindania nchi tangu zama za Gisabo, na Wabelgiji walipokuja waliukuta ugomvi huo, wakautumia. Mwana wa Mwambutsa, Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932, aliongoza chama cha UPRONA. Katika uchaguzi wa Septemba 1961 chama hicho kilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo Rwagasore, akiwa waziri mkuu, alipigwa risasi Bujumbura, ambayo wakati huo iliitwa Usumbura. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki, lakini miongoni mwa waliohukumiwa kwa njama hiyo walikuwamo wana wawili wa Baranyanka, chifu mkuu wa Batare. Walinyongwa papa hapa Gitega, Januari 1963. Damu ya Rugamba ilikuwa pande zote mbili za kesi ile.

Wamarekani nao wana ukoo wa Kennedy, ambao ulimpoteza ndugu mmoja kwa risasi mwaka 1963 na mwingine 1968. Lakini hao waliuawa na watu wa nje. Msiba wa Burundi ulitoka ndani ya nyumba.

Haukuishia hapo. Julai 1966 Charles Ndizeye alimwondoa baba yake, Mwambutsa, akatawazwa kuwa Ntare wa Tano. Mduara wa majina ulikuwa umetimia, lakini haukuanza tena: Novemba mwaka huo Kapteni Michel Micombero alitangaza jamhuri. Ntare alirudi nchini mwaka 1972, akakamatwa, akauawa Gitega tarehe 29 Aprili. Siku hiyo hiyo uasi ulizuka kusini, na ukafuatwa na mauaji ambayo makadirio huyaweka kati ya watu laki moja na laki tatu. Mwambutsa alifariki Uswisi mwaka 1977, na huko ndiko alikozikwa.

Niliposikia mwaka 1972, moyo ulinishtuka. Mfalme wa mwisho anajulikana alikufa siku gani na mji gani. Babu yangu alikimbia majira yale yale, na hakuna daftari lililomtaja. Mzee aliufunika ukurasa, akaniambia taratibu, "Huko Muyinga nako iko Nyamugari. Nenda."

Nilikwenda kwa njia ya Karuzi. Nyamugari ile nyingine, siku ya pili ya kuulizia, nilipelekwa kwa bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akichambua maharage uani. Alipolisikia jina la babu, aliacha kazi yake, akaniuliza, "Yule aliyekuwa na kovu kwenye nyusi?" Mama alikuwa amenieleza juu ya kovu lile. Bibi akanitajia jina la baba yake, kisha la babu yake, akanionyesha mgomba ulioota mahali palipokuwa nyumba yao.

Jioni ile nilimpigia mama simu. Alilirudia jina lile mara tatu, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha utotoni. Akanyamaza. Kisha akasema, "Liandike."

Nami nawaomba wenzangu, hasa nyinyi ambao kazi inawahamisha kila mara kutoka kambi hadi kambi na kituo hadi kituo: nunueni daftari, mwandike majina ya wazee wenu na vijiji vyao. Na pakiwapo vijiji viwili vya jina moja, andikeni ni kipi.