Kalamu Inapobadili Mkono

Mwaka 1967 bendi ya roki ya Pink Floyd, ya Uingereza, ilitoa albamu yake ya kwanza. Kati ya nyimbo 11, Syd Barrett alitunga 8 peke yake. Mwanzoni mwa 1968 akili yake ilikuwa imeyumba. Siku moja wenzake wakaacha kumpitia walipokwenda kupiga muziki. Albamu ya pili ilikuwa haijakamilika.

Katika kufundisha ushairi nimeona jinsi mwanafunzi aliyepotewa na mwalimu anavyovutwa kuandika kwa sauti ya mwalimu huyo. Waliobaki hawakufanya hivyo. Roger Waters, ambaye utunzi wake ulikuwa bado mchanga, aliazima mishororo ya washairi wa kale wa China, wa enzi ya Tang, akaijengea wimbo. Kisha yeye, wenzake wawili na David Gilmour, aliyekuja kuijaza nafasi, wakatunga kipande cha karibu dakika 12 kisicho na neno hata moja. Hata sauti za watu zinazokihitimisha ni mavumo matupu. Palipokosekana maneno, hawakuyaghushi. Waliliacha pengo lisikike.

Albamu hiyo, A Saucerful of Secrets, ina nyimbo 7. Wa Barrett ni mmoja tu, nao umewekwa mwisho. Humo anazungumza kama mtu ajionaye hayupo tena pale alipo. Ni uungwana au ni majuto? Waliomwacha nyuma ndio waliompa neno la mwisho.