Si Kila Kisichoyeyuka ni Jiwe

Nilipokuwa mtoto, kwetu Salamabila, niliwahi kutupa dhahabu. Pengine ilikuwa punje isiyozidi kichwa cha sindano, pengine hapakuwa na kitu kabisa. Lakini mjomba alisema nimetupa dhahabu, na neno la mjomba hatukulipinga. Alikuwa ameniachia karai pale kijitoni nimalizie kuosha mchanga. Nikalizungusha kama nilivyomwona akifanya, tope likaenda na maji, mchanga mwepesi ukafuata, yakabaki mabonge mawili matatu magumu. Nikayadhania mawe, nikayarusha. Mjomba akaokota moja lililoangukia ukingoni, akalifinya kwa vidole likapasuka. Ndani mlikuwa na udongo mkavu kama vumbi la kiangazi.

“Hii haiko jiwe, mwipwa,” akasema. “Ni udongo. Maji haiyafika ndani.”

Nililisahau bonge lile kwa zaidi ya miaka ishirini. Likanirudia katika maabara ya chuo kimoja nchini Ufaransa, nikiwa nimeinamia kichupa cha maji ya kijani.

Ukijani ule ulikuwa mwani aitwaye Chlamydomonas, kiumbe wa chembe moja mwenye vijimkia viwili vya kuogelea. Upana wake ni kama mikromita 10; ukiwapanga mia moja bega kwa bega, ndio kwanza wanafikia milimita moja. Nilikuwa nikijifunza epijenetiki yake, yaani jinsi jeni inavyoweza kuwapo, herufi zake zote za DNA zikiwa kamili, na bado ikanyamaza. Viumbe wengi huzinyamazisha baadhi ya jeni zao kwa kubandika alama ndogo ya methili juu ya herufi C, sitosini. Kwa mwani huyu alama hizo ni chache katika DNA ya kiini, na uchache huo ndio ulionitia tamaa: nani asingependa kukiona kilicho adimu?

Njia niliyoitumia ilielezwa mwaka 1992 na Marianne Frommer na wenzake huko Australia. Unaitia DNA dawa ya bisalfaiti. Sitosini isiyo na alama hugeuka, na mwishowe husomeka kama T. Yenye alama hustahimili, ikabaki C. Unasubiri saa kadhaa, kisha unasoma nini kimebaki. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni kazi ya karai tu: osha, tazama kilichobaki.

Matokeo yangu ya kwanza yalijaa C. Zilikuwa nyingi mno, kila mahali, na badala ya kushtuka nikafurahi. Nilikwisha kuanza kuchora michoro ya kuwaonyesha wenzangu. Msimamizi wangu akaitazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole iko wapi sampuli ya kulinganishia. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiruka ili niokoe siku moja.

Ukweli ni kwamba bisalfaiti hufanya kazi pale tu ambapo nyuzi mbili za DNA zimeachana. Nyuzi za mwani huyu huachana kwa shida, kwa sababu karibu herufi 64 katika kila 100 ni G au C, na jozi ya G na C hushikamana kwa vifungo vitatu, ilhali A na T hushikana kwa viwili. Mimi nilitia DNA nyingi kupita kiasi na kuipa joto kwa haraka. C nilizozishangilia hazikuwa zimestahimili chochote. Dawa haikuzifikia.

Jioni ile, nikirudi chumbani, nilimkumbuka mjomba na bonge lake. Baada ya mjomba nikamkumbuka kaka yangu, na hapo moyo ukaniuma.

Yaya, kama tunavyomwita kwetu mkubwa wa tumbo moja, aliacha shule akiwa kijana ili mimi niendelee, akaingia mashimoni. Miaka ikapita, nikasikia kwamba siku moja aliwaficha wenzake sehemu ya dhahabu waliyoichimba pamoja. Nilimwandikia kwa ukali. Nilimwambia kwamba sisi hatukulelewa hivyo, na kwamba mimi, katika maisha yangu yote, sijawahi kuchukua cha mtu. Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo sababu sikuona ubaya wake. Hakunijibu.

Sasa nikajiuliza: uaminifu wangu ule ulikuwa wa sitosini ipi? Ile iliyolowa usiku kucha na isigeuke, au ile ambayo dawa haikuigusa? Zikisomwa mwishoni, zote mbili huandikwa C.

Niliporudia jaribio nilitia ndani ya kichupa DNA ya virusi aitwaye lambda, iliyoandaliwa isiwe na alama yoyote ya methili. Herufi zake C zikigeuka karibu zote, unajua dawa imefika. Safari hii ziligeuka, na alama nyingi za mwani wangu zikatoweka pamoja na michoro yangu. Zilibaki chache, na hizo ndizo ninazoziamini. Lakini lambda hunisaidia kwa sababu moja tu: amepita katika kichupa kilekile, joto lilelile, saa zilezile. Yaya hakupita katika kichupa changu, wala mimi katika chake. Nilimpima kwa kulinganisha na nini?

Sisemi kuficha haki ya wenzako si kosa. Mjomba alifia kwenye karai, na sikumsikia mtu akimdai punje. Wapo waliolowa na wasigeuke. Mimi ni wa kundi gani, bado sijui, na sasa nachelea kulijibu swali hilo mbio mbio kama nilivyofanya na ule mwani.

Mwishowe nilimpigia. Nilikusudia kuomba radhi, lakini maneno yakanikwama, nikauliza tu mwaka ule ulikuwaje. Akanyamaza, kisha akaanza kueleza: mvua ilikuwa kubwa, shimo likajaa maji, mtoto akaugua. Alizungumza kwa muda mrefu. Nilikuwa na maswali, nikayameza, nikamwacha aendelee.