Mahakama Katika Kiganja

Kusoma na kucheza ni mambo mawili ambayo watu wazima hupenda kuyatenga. Kitabu huwekwa rafuni. Mchezo huachiwa watoto uani. Walakini iko kazi moja ya Wajapani iliyouvunja ukuta huo, nayo imekwisha kupata wasomaji, au tuseme wachezaji, kwa mamilioni. Kwa Kijapani yaitwa Gyakuten Saiban, na maana yake yakaribia kuwa kesi iliyopinduka. Kwa wasemao Kiingereza yaitwa Ace Attorney. Ilitolewa na kampuni ya Capcom mwaka 2001 kwa chombo kidogo cha kushika mkononi, na mtungaji wake ni Shu Takumi. Ni riwaya ya picha ambayo msomaji wake hapewi ruhusa ya kukaa kimya, maana yeye ndiye wakili wa utetezi. Hukusanya vielelezo, huongea na watu, kisha huingia mahakamani. Huko ushahidi hukatwa sentensi moja moja kama muwa, na kwa kila sentensi wakili ana njia mbili: kumbana shahidi aseme zaidi, au kutoa kielelezo kinachopingana na neno alilosema. Akitoa kielelezo kisichohusika, hakimu humkemea. Katika kazi ile ya kwanza makosa matano humtia mteja hatiani, na hadithi hukatika hapo hapo.

Wachezaji ni wepesi wa kuhukumu, na hukumu zao juu ya kazi hii hazikufanana. Wengi huisifu kwa ucheshi wake na kwa watu wake, ambao kila mmoja ana namna yake ya kutoka jasho uongo unapomponyoka. Husifu pia ujasiri wa mtungaji aliyethubutu kumsimamisha kasuku kizimbani na kumfanya wakili amhoji ndege huyo mbele ya hakimu mwenye ndevu nyeupe. Wengine hulalamika kwamba anayeujua mwisho hana sababu kubwa ya kurudia mwanzo. Wako wanaocheka tafsiri ya Kiingereza, iliyoihamisha hadithi kutoka Japani hadi Los Angeles ikayaacha mahekalu ya Kijapani pale pale yalipokuwa. Lakini lalamiko linalorudiwa kuliko yote ni hili: mchezaji huujua ukweli mapema, naye hawezi kuusema. Mlango ni mmoja. Mtungaji amekwisha kuamua ni kielelezo kipi kitolewe na katika sentensi ipi. Anayetoa kingine, hata kama akili yake imefika kwa njia njema, hupigwa adhabu sawa na mjinga.

Lalamiko hilo lilipata kusikilizwa upya katika Milima ya Upare, mbali na Japani na mbali na Los Angeles, na wachezaji wawili ambao mmoja wao hakupata kuishika simu yenye mchezo ule hata siku moja.

Mchezaji wa kwanza alikuwa kijana anayesoma sheria chuo kikuu, aliyekuja likizo kwa babu yake mlimani, upande wa Vudee, mahali ambapo mtu akisimama uani jioni huona nyika ya Same imetandazwa chini na taa za magari ya barabara ya Moshi zikitambaa. Mchezaji wa pili alikuwa babu mwenyewe. Mzee huyo alikuwa zamani mzee wa baraza katika mahakama moja ya mwanzo, yaani mmoja wa wale raia waliokaa pamoja na hakimu, wakasikiliza kesi, wakatoa kauli yao juu ya hukumu. Macho yake hayakuweza tena kusoma maandishi ya simu, wala Kiingereza hakukijua. Basi kijana alisoma akatafsiri, na mzee akacheza kwa masikio.

Tafsiri yenyewe ilikuwa kazi. Mchezo huu haujatolewa kwa Kiswahili, na kijana alipofika penye ule ukelele mashuhuri wa wakili, akinyoosha kidole na kupasua hewa, alisema, "Napinga!" Mzee alicheka. Alisema katika mahakama yao hakuna aliyepata kupiga kelele namna ile, mtu alisimama, akavua kofia, akasema, "Mheshimiwa, hayo siyo." Tena aliuliza yule wakili alitoka wapi. Swali hilo halikuwa la utani. Kwa miaka mingi sheria ya Tanzania haikuwaruhusu mawakili kusimama katika mahakama ya mwanzo. Kila mtu alijisemea mwenyewe, mwenye ulimi na asiye nao. Mtu akikata rufaa hadi Mahakama Kuu, alikuta kumbukumbu na hukumu huandikwa kwa Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kufanywa lugha ya mahakama. Mzee aliposikia kwamba ndani ya simu kila mshtakiwa ana wakili, hata asiye na senti, alitikisa kichwa akasema huo ndio uongo wa kwanza aliouona, na kasuku ni wa pili.

Kesi ya kwanza ya mchezo huo ni nyepesi, nayo imewekwa makusudi ili kumfundisha mgeni. Kijana mmoja ashtakiwa kumwua mpenzi wake. Shahidi, muuza magazeti, asema aliikuta maiti saa saba mchana. Taarifa ya daktari yasema mwanamke yule alikufa baada ya saa kumi. Mzee hakungoja taarifa ya daktari. Alisema, "Mtu aliyeiona maiti akaweza kuitaja saa, maiti ile haikumshtua. Huyo ndiye." Alikuwa amepata, maana muuza magazeti yule ndiye muuaji. Lakini mchezo hauna mahali pa kuandika maneno kama hayo. Kijana alitoa kielelezo kimoja, hakimu akamkemea. Akatoa kingine, akakemewa tena. Ndipo alipotoa taarifa ya daktari, na mambo yakaanza kwenda. Mzee alikasirika kwelikweli, kama mtu aliyepigwa faini kwa kosa la jirani. Alisema haki gani hii inayomjua mwovu tangu mwanzo na kumwadhibu anayemtaja kabla ya zamu yake.

Kijana naye alikuwa na shutuma yake, tofauti na hiyo. Yeye, kwa elimu yake, alisema ubaya wa mchezo ni kwamba mshtakiwa haponi mpaka wakili wake amtaje muuaji wa kweli na kumwangusha pale pale. Sheria haisemi hivyo. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya maana. Mshtakiwa hadaiwi mwizi mwingine badala yake. Alieleza kwamba huko Japani zaidi ya kesi 99 katika kila 100 zinazofikishwa mahakamani huisha kwa mshtakiwa kutiwa hatiani, na kwamba mwaka 2009 nchi hiyo ilianza kuwakalisha raia pamoja na mahakimu katika kesi kubwa. Yamkini, alisema, mchezo ule ni kejeli ya nchi ambamo kuingia kizimbani ni karibu sawa na kuingia gerezani.

Mzee alisikiliza habari ya raia kukaa na mahakimu kwa furaha ya mtu aliyesikia jina lake likitajwa ugenini. Juu ya mzigo wa kuthibitisha hakukubali. Alisema hiyo ni sheria ya kitabu, nayo ni njema, lakini inaishia mlangoni pa mahakama. Mtu akishtakiwa mlimani kwa wizi wa tangawizi, akaachiwa kwa sababu ya shaka, na mwizi asijulikane, hurudi nyumbani akiwa mwizi aliyeponyoka. Watoto wake huitwa watoto wa mwizi. Yule mtungaji wa Kijapani, kwa maoni yake, hapo hakukosea: asiyeleta jina la mkosaji hajamtoa mtu kizimbani, amemhamisha kizimba tu.

Hapana aliyeshinda katika ubishi huo, na huenda ungekwisha hivyo kama usiku wa tatu mzee hangaliomba sentensi moja isomwe tena. Ilikuwa sentensi ndogo ya shahidi mdogo, ya kupita tu. Kijana alitaka kuiruka. Mzee akasema, "Mbane hapo." Walipombana, jambo zito lilitoka. Mzee alinyamaza kitambo kirefu, ndipo aliposimulia.

Katika miaka ya 1980, wakati wa kiangazi kikali, mtu mmoja alishtakiwa kwamba alifungua ndiva usiku na kuyapeleka maji shambani kwake nje ya zamu. Msomaji asiyeijua Upare apaswa kufahamu kwamba ndiva ni bwawa la kukusanyia maji ya kijito, na kutoka humo mifereji hushuka mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Anayeiba zamu wakati wa kiangazi ameiba chakula cha mwenzake cha mwaka mzima. Kielelezo kilikuwa jembe lake, lililookotwa penye kizibo cha ndiva asubuhi. Mtu yule hakuwa hodari wa Kiswahili; alizoea Kipare, na mbele ya hakimu maneno yalimkimbia. Alisema maji hakuyafungua. Alisema jembe ni lake. Alisema alikuwa amemwazima mtu. Kisha alinyamaza, maana hakuulizwa zaidi.

"Jembe tulilishika mikononi," mzee alisema, "tukaligeuza, tukaona alama yake kwenye mpini. Neno la kuazima likapita mbele yetu, mimi na mwenzangu na hakimu, wala hakuna aliyelibana. Hatukumwuliza: ulimwazima nani?"

Mtu yule alitiwa hatiani. Faini haikuwa kubwa. Lakini wenye ndiva walimwondoa katika zamu, na shamba bila zamu ni kiwanja cha kukaushia mawe. Aliuza mbuzi, akahama na mkewe na watoto, akashuka upande wa pili wa mlima, Ndungu, kulima mpunga. Baada ya miaka miwili mitatu ilijulikana kwamba jembe lilikuwa limeazimwa na kijana aliyefanya kazi kwa mlalamikaji mwenyewe. Wakati huo kesi ilikuwa imepoa, hakimu alikuwa amehamishwa, na hapana aliyeona faida ya kuifukua.

Mjukuu alisema, kwa upole, kwamba hapo ndipo sheria ya kitabu ingalimwokoa: jembe peke yake halitoshi, shaka ilikuwapo, angeachiliwa. Mzee alijibu kwamba angeachiliwa na mahakama, ndiyo, lakini wenye ndiva wangemwondoa katika zamu vile vile, kwa kuwa jina la kijana yule halikutajwa. Kijana hakuwa na la kujibu. Wala si rahisi kusema angejibu nini.

Iko kumbukumbu nyingine iliyoukaza moyo wa mzee katika jambo hili. Baba yake alikuwa miongoni mwa maelfu ya Wapare walioshuka Same mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru, ambayo historia yake iliandikwa na Isaria Kimambo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971. Kodi ile ilimpangia kila mtu kiasi kwa kadiri ya mali aliyodhaniwa kuwa nayo, na kilio cha watu kilikuwa juu ya huko kudhaniwa: mtu alikadiriwa na wengine, kisha akatakiwa kulipa kadiri ya makadirio. Mtoto aliyekulia katika nyumba iliyosimulia hayo kila mavuno alikubali baadaye kuwa mzee wa baraza kwa sababu alitaka, alivyosema, mtu aulizwe kabla ya kukadiriwa. Naye ndiye aliyeliacha neno la kuazima likapita.

Kwa hiyo maoni yake juu ya mchezo yalibadilika kabla likizo haijaisha, na yalibadilika kwa namna ambayo wachezaji wa nchi nyingine hawakuwa na sababu ya kuifikia. Ule mlango mmoja bado aliuchukia. Kasuku bado alimcheka, na mara kadhaa aliuliza waliapishaje ndege. Lakini kule kukatwa kwa ushahidi sentensi moja moja, na kila sentensi kungoja ibanwe, ambako wachezaji wenye haraka hukuona kama kazi ya kuchosha, yeye alikuona kuwa ndiyo sifa kuu ya kazi yote. Alisema laiti mahakama zote zingelazimishwa kwenda kwa mwendo ule wa kidole.

Usiku wa mwisho walimaliza kesi ndefu, mteja akaachiwa, na karatasi za rangi zikamwagika katika kioo cha simu kama harusini. Mzee aliuliza kama mchezo unaruhusu kesi iliyokwisha kufunguliwa tena.

"Yafunguka, babu," kijana alijibu. "Unaichagua katika orodha tu. Lakini mashahidi watasema maneno yale yale."

Mzee alifikiri. Kisha aliuliza kama basi la kwenda Ndungu bado linapitia Kisiwani, na kama linaondoka Same asubuhi, au mtu hulazimika kulala mjini.

Kijana alimwambia lipo la asubuhi, lakini itawapasa washuke mlimani kabla ya jua kuchomoza. Mzee akamwambia aizime simu, walale.