Sanduku la Maoni na Anwani Mpya za Intaneti

Miaka mingi iliyopita, kabla sijaingia katika kazi ya kufundisha, niliajiriwa katika ofisi moja ya umma iliyokuwa na sanduku la maoni mlangoni. Tuliambiwa tuandike kwa uhuru, bila kutia saini. Mwenzangu mmoja aliandika juu ya posho za safari ambazo hazikuwahi kufanyika. Alitumia kompyuta, akiamini kwamba mwandiko wa mkono ndio pekee ungemfichua. Lakini siku zile, katika ofisi nzima, waliojua kuandika kwa kompyuta walikuwa watatu tu: mmoja alikuwa likizo, na mwingine alikuwa katibu muhtasi wa mkuu mwenyewe. Kabla ya mwezi kwisha, mwenzangu alipokea barua ya uhamisho.

Kisa hicho kimenirudia nilipokuwa nikisoma namna wahandisi wa mtandao wa Tor walivyopanga kuupokea mfumo mpya wa anwani za intaneti.

Tor ni mtandao wa kuficha utambulisho wa mtumiaji. Mizizi yake imo katika maabara ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani katika miaka ya 1990. Leo unaangaliwa na shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2006, na maelfu ya vituo vyake huendeshwa na watu wa kujitolea. Kwa kawaida, ujumbe hupita katika vituo vitatu. Cha kwanza kinamjua mtumaji lakini hakijui ujumbe unakokwenda. Cha mwisho kinajua unakokwenda lakini hakimjui mtumaji. Cha katikati kinawajua jirani zake wawili tu. Mwandishi wa habari, mwanaharakati au mtumishi aliyeona wizi hupata humo mahali pa kusemea. Hata hivyo, kinga hiyo haitokani na hesabu za kusimba ujumbe peke yake. Inatokana pia na wingi: unajificha kwa sababu wengine wengi wanafanana nawe.

Sasa tazama anwani. Mfumo wa zamani, IPv4, una anwani zipatazo bilioni 4.3, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa masajala za kanda mwezi Februari 2011. Mfumo mpya, IPv6, ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka 1998, una nafasi kubwa kiasi kwamba fungu moja la kawaida la mtandao wa nyumbani huzidi anwani zote za zamani mara bilioni 4. Nafasi hiyo ina faida kwa wanaojificha. Anwani zote za IPv4 zinaweza kukaguliwa moja moja kwa muda usiofika saa nzima. Za IPv6 haziwezekani kukaguliwa hivyo. Kwa sababu hiyo, vituo vya siri vya kuingilia, viitwavyo madaraja, ni vigumu zaidi kuwindwa humo.

Kwa nini basi Tor haikuhamia huko mara moja? Kwanza, vituo vyenye anwani mpya vilikuwa vichache, na anayechagua njia katika vichache huonekana upesi, kama barua ya mwenzangu. Pili, kituo chenye anwani mpya pekee hakiwezi kuzungumza moja kwa moja na chenye anwani ya zamani pekee. Njia zikipungua, mpelelezi hubahatisha kwa urahisi zaidi. Tatu, mahali ambapo anwani ni za bure, adui mmoja aweza kujifanya umati.

Hivyo walikwenda kwa hatua. Katika matoleo ya mwaka 2012 na 2013 walianza na madaraja na milango ya kutokea. Mwaka 2020 wakaviwezesha vituo kujipima kama anwani zao mpya zinafikika. Muda wote huo sharti la vituo kuwa na anwani ya zamani liliendelea, ili asiachwe mtu peke yake njiani.

Hapa pana somo kwa sisi tusio wahandisi. Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN wajiandikishe na kutaja anwani zao za IP. Wako watakaosema asiye na kosa haogopi daftari. Mwenzangu hakuwa na kosa. Daftari la wanaojificha hugeuza umati kuwa orodha, na orodha husomwa na mwenye kisu.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi unayebuni mfumo wa kupokea malalamiko, kabla ya kuuliza kama una usalama, hesabu: ni wangapi watautumia siku ya kwanza? Wakiwa watatu, usiufungue bado. Nawe mwanafunzi, jifunze zana hizi hata kama huna la kuficha. Laiti sote tungejua kuandika kwa kompyuta siku zile, barua ile isingekuwa na mwenyewe.