Enda Angalia Kamba

Bati lilikuwa na umbo la yai lililolazwa. Jeupe, na katikati herufi tatu nyeusi: EAK. Baba alilifunga kwa nati mbili nyuma ya lori lake, kando ya kibao cha namba, nami nilijua kulisoma kabla sijajua kusoma kitabu. Nilipomuuliza maana yake alinijibu bila kucheka: "Enda Angalia Kamba."

Nikaamini. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akileta machungwa ya Muheza mpaka Mombasa, na lori lake la Tanga lilikuwa na EAT. "Enda Angalia Tairi," Baba akafafanua. Malori ya Uganda yalikuwa na EAU: "Enda Angalia Upepo." Kamba, tairi, upepo. Ndiyo kazi yote ya tanboi, au utingo kama wasemavyo kwa akina mjomba. Zanzibar ilikuwa na EAZ yake, na kwa kuwa hapana lori letu lililofika huko, ile ilikuwa "Enda Angalia Zawadi."

Mwalimu wangu wa darasa la tatu ndiye aliyeniharibia. Alisema ni Kiingereza tu: Afrika Mashariki, kisha herufi ya kwanza ya nchi. EAK, EAT na EAU zilianza mwaka 1938, enzi za Waingereza, kila nchi na yake, ili gari likivuka mpaka lijulikane limetoka wapi. Nilirudi nyumbani nimenuna. Baba akasema mwalimu naye hajakosea, ila yeye hajawahi kufunga mzigo.

Mwaka 1976 bati la kwanza liliisha kwa kutu, tukaenda kwa fundi wa vibao Mwembe Tayari. Yule mzee hakuchora yai kwa mkono. Alipigilia misumari miwili juu ya bati, akafunga uzi uliolegea kati yake, akaingiza penseli ndani ya uzi na kuuvuta ukakaza, kisha akazungusha. Yai likatokea lenyewe. Nikamwomba arudie, akarudia kwenye kipande cha mbao ili nitosheke. Miaka mingi baadaye nilisoma Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani: alama ya herufi tatu isipungue milimita 240 kwa upana na 145 kwa kimo, na herufi zisiwe chini ya milimita 80. Nikachukua futi nikapima bati la Baba. Mzee wa Mwembe Tayari alikuwa amepatia, kwa misumari na uzi.

Rangi ilikuwa haijapauka bado wakati mpaka wa Tanzania ulipofungwa. Ilikuwa Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1967, ilikuwa inakata roho, na Tanzania ikafunga njia zake za kwenda Kenya. Kutoka Lungalunga upande wetu hadi Horohoro upande wao ni mwendo mfupi, na Wadigo wa pande zote mbili ni watu wa matanga na harusi moja. Mama, ambaye alikuwa na mama yake Tanga, alianza kuzungumza habari za Tanga kama azungumzavyo mtu habari za ng'ambo ya bahari. Machungwa ya Muheza yakakoma. Baba akageuza lori likatazama Malaba na Kampala.

Mwaka ule niliona "EA" zikifutwa kila mahali. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilikufa. Reli ya Afrika Mashariki ikagawanywa, na mabehewa yakapakwa majina mapya. Lakini nyuma ya lori letu hakuja mtu na brashi. Herufi zile hazikuwa za Jumuiya. Zilikuwepo kabla yake na zilijulikana nje, na hapakuwa na serikali iliyoona haja ya kuziandikia barua. Mama alilitambua hilo kabla yangu. Alisimama nyuma ya lori siku moja, kitambaa mkononi, akifuta vumbi kwenye bati. "Wameachana," akasema, "lakini jina la ukoo wamebaki nalo wote."

Mwaka 1982, nikiwa na miaka kumi na mitano, Baba alinichukua likizoni niwe tanboi wake. Tulikuwa tumeshavuka Malaba, hatujafika Tororo, tuliposimamishwa kwenye kizuizi. Askari alizunguka nyuma, akarudi, akauliza alama ya nchi iko wapi. Nikashuka. Ilibaki nati moja iliyoning'inia. Bati halikuwepo.

Nilidhani ni uonevu. Namba ilianza na K, mizigo ilikuwa na karatasi za Mombasa, na Kiswahili chetu chenyewe kilikuwa kibao tosha. Baba hakubishana. Baadaye alinieleza kwamba namba humtaja mwenye gari, lakini nchi mbili zaweza kutoa namba inayofanana. Zile herufi ndizo zinazomwambia askari daftari la kuulizia liko wapi. Wakati ule alisema neno moja tu: "Katafute."

Nilirudi nyuma kwa miguu zaidi ya saa nzima, nikitazama mitaro. Nikalikuta chini ya ukingo, limepindwa na tairi la mtu, K imekwaruzika. Nilipofika Baba alilinyoosha kwa nyundo juu ya bampa, akalifunga kwa kamba ya katani, mafundo manne. Askari akatikisa kichwa, tukapita. Hatukusema kitu mpaka Tororo. Hapo Baba akazima injini, akanitazama. "Sasa umejua kusoma?" Nikashuka nikaangalia kamba zote, za mzigo na za bati.

Mpaka wa Tanzania ulifunguliwa Novemba 1983. Mjomba alifika baada ya wiki kadhaa, ndevu zina mvi ambazo sikuwa nimeziona zikiota. Mama alikuwa analia kabla lori halijasimama. Baba hakwenda kwenye mlango wa dereva. Alizunguka nyuma, akaisoma EAT iliyopauka, akainama, akalipiga teke gurudumu la ndani. "Shemeji," akaita, "tairi." Ilikuwa kweli, limelala. Walicheka wakiwa wamechuchumaa hapohapo chini ya lori, na salamu zikaja baadaye.

Jumuiya ilirudi kwa mkataba uliosainiwa Novemba 1999. Baba aliuona. Hakuwahi kuona Rwanda na Burundi zikiingia 2007, wala Sudan Kusini, Kongo na Somalia baada yake. Siku hizi nikiwa barabara ya Malaba nasoma nyuma za malori: RWA, SSD, na RU ya Burundi, ambayo bado inaikumbuka Ruanda-Urundi ya Wabelgiji iliyokwisha 1962. Wageni wa ukoo hawana EA. Wenye EA ni wale walioachana.

Bati ninalo, na kamba yake. Nimejaribu mara nyingi kuitafutia RWA maana ya kitanboi, nikashindwa. Kazi ile ilitaka mtu aliyelala chini ya lori miaka thelathini.