Siku kriki ilipolala

Gari letu ni Toyota Land Cruiser iliyoundwa kabla ya mwaka 1999, nayo inakalia springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Springi ya namna hiyo ni vyuma kadhaa vilivyopindwa na kulaliana, kirefu juu na kifupi chini, vikashikwa katikati kwa bolti moja. Gurudumu likiingia shimoni, vyuma hunyooka na kusuguana, kisha hurudi. Barabara zetu za milimani hapa Bukavu haziviachi vipumzike.

Katika majira ya mvua yaliyopita, chuma kirefu cha nyuma upande wa kushoto kilivunjika. Fundi alitaja fedha ambazo sikuwa nazo, kwani ada za shule zilikuwa zimekwisha kulipwa. Na majirani wamezoea kunigongea usiku wakiwa na mgonjwa. Nikaamua kulitengeneza uani, pamoja na mwanangu wa miaka 17. Mimi nilisomea ualimu, si umakanika. Lakini mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao hukawia kusema kwamba hajui.

Tuliinua gari kwa kriki iliyokalia kipande cha ubao. Udongo ulikuwa umelowa. Nilifahamu vema kwamba mtu haingii chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake, na kwamba yapasa kuweka magogo chini ya chasi. Magogo yalikuwa kwa jirani. Nikasema tulegeze kwanza nati zilizoshika kutu, ni kazi ya dakika tano. Kijana akaingia. Gurudumu tulilolitoa tulikuwa tumelisukuma chini ya chasi, si kwa busara, bali kwa sababu lilizuia mlango wa jiko.

«Baba, ubao unazama.»

Nilimjibu avute ufunguo kwa nguvu, aache maneno. Kriki ikalala, gari likaangukia gurudumu lile. Kati ya chuma na kifua chake ilibaki nafasi ya kiganja. Alitoka mwenyewe, akajipangusa matope. Mimi nilikaa juu ya ndoo muda mrefu. Ndipo tukaenda kuomba magogo.

Kazi ilituchukua siku mbili. Tulibadilisha chuma kilichovunjika, tukatia mipira mipya katika matundu ya ncha za springi, tukanunua upya vyuma vya umbo la U vinavyoibana springi na ekseli, kwa maana vya zamani vikisha kuvutika havibani tena sawasawa. Nilipotaka kukaza kila kitu gari likiwa bado juu, kijana alinizuia. Bolti zinazopita ndani ya mipira, alisema, hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likining'inia, uzito ukishuka mpira hujinyonga na kuchanika upesi. Alikuwa amejifunza hayo kwa vijana wa gereji iliyo jirani na shule, mahali nilipomkataza kwenda. Safari hii nilimsikiliza. Baada ya siku chache za kutembea barabarani tulizikaza nati zote tena.

Mama yake alikuwa sokoni siku ile, na hatukumwambia neno. Jumapili jioni, tukiwa mezani, nilimweleza: kwamba ni mimi niliyemwingiza mtoto chini ya gari, kwamba alinionya, na jinsi nilivyomjibu. Mama aliweka kijiko chini. Kijana aliendelea kula, macho kwenye sahani.